Kwa Zuhura, Ua la Bahari Likiwa Bado Bakulini

Kariakoo, baada ya isha

Mwanangu Zuhura,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nimekusikia sasa hivi ukikohoa. Kesho asubuhi mtapanda gari la moshi kwenda Tabora, wewe, mumeo Rajabu na mwanawe Siwema. Barua hii nitaitia ndani ya kikapu cha mikate, chini ya kitambaa, uikute mkiwa mmeshapita Morogoro. Ningeweza kugonga mlango nikuambie kwa mdomo, lakini watu walio kwenye fungate hawagongewi, na tena mimi nikisema nasema ovyo. Nikiandika, angalau naweza kukata.

Mambo ya nyumba sitayagusa. Kungwi wako na shangazi zako wamekujaza kichwa siku zote hizi, namna ya kupika, kutandika na kuwaamkia wakwe. Nikiongeza langu utapasuka. Ninachotaka ni kujibu swali uliloniuliza leo jioni jikoni, kwa sababu nililijibu vibaya na tangu hapo sijatulia. Nimefunga mizigo yenu, nimeifungua, nimeifunga tena.

Ulikuja umeshika kifundo cha mkono. Siwema alikuwa amekung'ata.

"Mtoto hanitaki, Mama," ukasema. "Hata maji ya mkono wangu hanywi. Wewe kwangu ulifanyaje?"

Shangazi yako Mwanakombo alikuwa pale anakuna nazi, amesimamisha mbuzi ili asikie vizuri. Nikaona haya. Nikasema, "Atazoea tu." Ukaniangalia kama mtu aliyeomba chakula akapewa sahani tupu, ukatoka.

Ngoja kidogo, nakwenda kutazama bakuli.

Nimerudi. Ua bado limejikunja. Utambi unadondosha vizuri maji ya sanduku, tone moja moja, nami nimemwaga nje nusu ya yale maji ya bakuli ili nafasi ipatikane. Ulitaka leo mchana tulitumbukize ndani ya sanduku la vioo mara moja. "Mama, kesho tunaondoka! Lifunguke leo, mtoto alione." Nikakukatalia, ukakasirika, ingawa unajua vizuri kuliko mimi kwa nini nilikataa. Unajua, lakini leo ulikuwa na haraka, na haraka ile naijua sura yake. Ndiyo iliyonifikisha mimi kwenye makosa nitakayokuandikia.

Mimi si niliyekuzaa. Hilo hatujalificha wala hatujalisema sana. Aliyekuzaa, marehemu Bi Tatu, alikuwa mtu wa Kunduchi, mtoto wa pwani hasa, na alipougua akashindwa kutembea hadi baharini, baba yako alimletea bahari nyumbani. Fundi wa vioo yeye, alikuwa amekwenda kubadilisha kioo cha dirisha kwa daktari mmoja wa Kizungu, akaona huko sanduku la vioo lenye maji ya chumvi, mawe, samaki wadogo, na ua la bahari limekaa juu ya jiwe likichezesha vidole vyake. Akarudi hapa na vipande vilivyobaki vya vioo vya maduka ya Uhindini, akachonga fremu ya mvule, akaziba pembe kwa lami. Maji akayachota ufukweni Magogoni kwa debe. Wavuvi wana majina yao ya kile kiumbe, mengine hayatamkiki mbele ya watoto. Sisi humu ndani tumeliita ua, ingawa linakula nyama.

Bi Tatu alipofariki sanduku likawa lako. Hakuna aliyetamka kwamba ni lako. Likawa tu. Ulilichotea maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, asubuhi na jioni, ili yapate hewa, kama ulivyomwona yeye akifanya.

Halafu nikaja mimi, mtu wa Kisarawe, mtu wa mihogo na mafenesi. Bahari nilikuwa nimeiona mara chache, nikaiogopa. Asubuhi ya kwanza nilipoachwa peke yangu humu nilitaka ikifika jioni watu waseme baba yako kapata mke. Nikafagia uwanja. Nikalikandika jiko. Kisha nikaliona lile sanduku ukumbini, maji yake kama chai ya jana, vioo vina utelezi wa kijani, na harufu ambayo kwangu ilikuwa harufu ya uozo. Nikasema moyoni, maskini, hii ndiyo nyumba iliyokosa mwanamke.

Nikayamwaga maji yote uani. Nikasugua vioo kwa jivu na makumbi ya nazi mpaka nikaona meno yangu. Mawe nikayamwagia maji ya moto. Ua nikalishika kwa vidole viwili, nikalisuuza kama mchicha, nikalirudisha ndani ya maji safi ya bomba. Nikakaa chini nikalitazama. Nilikuwa nimefurahi, Zuhura. Nilidhani nimelihurumia.

Ukarudi kutoka chuoni na ubao wako kwapani, kimo chako sawasawa na cha Siwema leo. Ukasimama mbele ya sanduku. Hukulia. Uliuliza tu, "Umelitia maji matamu?"

"Masafi, mwanangu. Yametoka bombani sasa hivi."

Ukaenda kukaa kizingitini ukanigeuzia mgongo. Mgongo ule mdogo wenye vifungo viwili vilivyokatika niliutazama mpaka jua lilipohama uani. Nilitamani kwanza kuvishona vile vifungo. Sikujua hata nimefanya nini.

Baba yako aliporudi hakunigombeza. Aliweka mfuko wa zana, akatumbukiza kidole, akakionja, akaliona ua limekufa, akakaa. Aliyesema alikuwa Bi Chausiku wa nyumba ya pili, aliyekuja kuchungulia. "Jamani! Kaifua bahari! Mtu wa Kisarawe kaifua bahari! Kesho atalianika jua kwenye kamba!" Mtaa mzima ukacheka, nami nikapata jina. Mpaka leo akitaka chumvi huita kutoka barazani kwake, "Dobi! Dobi wa Bahari, upo?" Siku hizi nacheka naye. Wakati ule nilikuwa nikiingia ndani na kuuma ncha ya kanga.

Kosa lile nalisamehe, maana sikujua. Ninalolikumbuka nikakosa usingizi ni yale niliyofanya baadaye nikijua, kwa kuwa nilitaka unipende haraka.

Ulikuwa huli changu. Ukila ulikula kwa Bi Chausiku, naye akinitangazia: "Dobi, mwanao kaniramba sufuria!" Nikapika vitumbua, nikakufuata navyo uwanja mzima, "kula mwanangu, kula basi," kama mtu anayekimbiza kuku. Nikakushonea gauni la maua mekundu. Ulilivaa kwa kuwa baba yako alikuamuru, ukaenda kukaa katikati ya jivu.

Nikaona dawa ni ua jingine. Nikauliza njia ya Magogoni, nikashuka peke yangu bahari imekupwa, nikalikuta moja kubwa kwenye mwamba, rangi ya zambarau kwenye ncha. Nikalibandua kwa kisu cha jikoni. Lilishika kweli, nami nikakaza, nikasikia kitu kinaachia kama kitambaa kikichanika. Nikalikimbiza nyumbani kwenye sufuria juani na kulitumbukiza ndani ya sanduku mbele yako. "Haya! Si hili hapa?" Halikufunguka. Nikalitia uduvi mdomoni kwa kijiti, nikasukuma. Kesho yake lilikuwa limeoza, maji yote yakaharibika, na wale samaki wawili baba yako aliokuletea wakaelea ubavu. Uliwazika karibu na choo, na hukutaka nikushikie jembe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijui kama unalikumbuka. Nimesita kuliandika. Jioni moja katika siku zile baba yako alikuamuru uniamkie. Ukanyamaza. Akakuamuru tena, kisha akakupiga kofi, yeye ambaye hata kuku alikuwa akimchinja huku ameangalia pembeni. Ukanipa shikamoo yako, nami nikaitika marahaba. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuweza kuushika mkono wake. Sikuushika. Nilifikiri mwanamume akinipigania, nafasi yangu itathibitika ndani ya nyumba. Ile marahaba imenikaa kooni mpaka hivi leo. Baadaye nilimwambia, "Usimpige tena kwa ajili yangu. Asiponiamkia, asiniamkie." Akasema, "Na adabu?" Nikasema, "Adabu yake itakuja na miguu yake." Hakukupiga tena, lakini lile moja lilikuwa limeshatoka.

Leo Rajabu alipoinua mkono baada ya mtoto kukung'ata, ulimwahi ukamshika. "Mwache, Baba Siwema. Ni mkono wangu uliong'atwa, si wako." Nilikuwa mlangoni, nimeona. Mimi nilihitaji miezi kujifunza hivyo. Wewe hukuhitaji hata kuvuta pumzi. Basi usije ukasema huko Tabora kwamba hujui kitu.

Nimekwenda tena kutazama. Nimeligusa bakuli kwa nje, maji yana ubaridi wa kutosha. Shangazi Mwanakombo amenikuta nimeinama. "Wewe nawe! Mtoto anaolewa, wewe unalea konokono." Nikamwambia, "Nenda kalale, wifi." Ameondoka akiguna.

Nilifikia wapi? Kwenye ua la tatu. Hilo tulikwenda wote, ingawa wewe ulifuata nyuma mbali, kama mtu aliyekuwa na safari yake. Nikatoa kisu. Nyuma yangu nikasikia, "Si hivyo."

Lilikuwa neno la kwanza ulilonipa bila kuulizwa. Ukachuchumaa, ukanionyesha dogo lililokuwa limekaa kwenye jiwe la kushikika mkononi. "Linakuja na jiwe lake. Ukilivuta, mguu unakatika."

"Na jiwe likiwa kubwa?"

"Basi unaliacha."

Tukalibeba na jiwe lake, wewe ndoo, mimi kazi ya kunyamaza. Na kwa kuwa lililotangulia lilikufa mikononi mwangu, tuliogopa wote wawili kulitia ndani. Baba yako akakumbuka yule daktari alisema kwamba maji ya sanduku si maji ya baharini tena, yamekaa, yamebadilika, kwa hiyo mgeni huzoeshwa kidogo kidogo. Lakini kidogo kidogo kwa kitu gani? Ukijaribu kwa kata unamimina mengi, na mkono unachoka.

Hapo ndipo nilipokuwa na faida kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa kwetu niliwahi kuacha utambi wa kibatari ukining'inia nje ya kopo, asubuhi nikakuta mafuta yote yako kwenye jamvi na mama amenisubiri na fimbo. Nikachana ukanda wa kaniki, nikaulowesha, ncha moja ndani ya sanduku, ncha nyingine ikaning'inia juu ya bakuli chini. Likaanguka tone. Ukasogea. Likaanguka la pili. Ukakaa kwenye mkeka, si karibu nami, lakini kwenye mkeka uleule, na tukatazama maji yakizoeana na maji. Niliponyanyuka kupika ulisema, "Mimi nitalinda."

Ukiniuliza nilifanyaje, nafikiri ni hapo. Sikufanya kitu. Nilitengeneza utambi nikakaa pembeni.

Tulipolitia ndani bado nilikuwa na kichwa kigumu. Nililiweka katikati, wageni waone. Likatembea, kwa mwendo wake ule ambao huuoni mpaka limeshafika, likaenda kujibana pembeni nyuma ya jiwe. Nikalirudisha katikati. Likaondoka tena. Baba yako akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mwanamke, mwenzako kashachagua chumba, unamhamisha wewe kama nani?" Nikaliacha. Lilipofunguka lilifungukia kule pembeni, nasi tukawa tunapiga magoti kwa zamu kulichungulia.

Jambo moja zaidi la sanduku, maana ni baba yako aliyelikosea, na napenda kumkumbuka akikosea. Maji yalikuwa yakipungua kwa joto, naye akiongeza ya bahari, madebe na madebe, mabega yamechubuka. Ua likaanza kusinyaa. Akaongeza mengine. Siku moja nikichemsha mchuzi ukakauka ukawa chumvi tupu, nikaenda kuyaonja yale maji, nikatema. Nikamwambia, "Baba Zuhura, chumvi haipandi juu na mvuke. Kinachopungua ni maji matamu." Akakataa siku mbili tatu kwa ajili ya heshima yake. Kisha nikamkuta uani amebeba kikombe kimoja cha maji ya bomba, anakificha kwa mkono kama mwizi, anakwenda kukimimina. Yale yale niliyoua nayo siku ya kwanza. Tangu hapo ilikuwa kikombe kila siku, na hivyo ndivyo lilivyoishi.

Nimesimama tena. Siwezi kukaa. Nakumbuka baba yako alivyokuwa akizuia pumzi wakati wa kukata kioo, na wewe na mimi tukizuia pamoja naye bila kujua, mpaka kioo kilie na sote tutoe pumzi. Tangu afe bado kuna saa nazuia pumzi bila sababu. Wakati wa matanga watu walijaa, mtu akaliwekea sanduku jamvi juu apate pa kutua sinia, na hakuna aliyekumbuka, si wewe wala mimi. Tulipolifunua ua lilikuwa limekwisha. Hatukulaumiana. Ulitoa maji, nami nikashika taa; baadaye tukatia mengine, yakakaa bila ua.

Kwa hiyo leo uliposema unataka kuleta jingine kabla ya kuondoka, na umchukue Siwema mwende naye Magogoni, nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimeshamaliza kazi: mtoto ataona, atacheka, atakushika mkono. Nilisahau kila kitu ninachokiandika hapa. Mlirudi na ua juu ya jiwe lake, vizuri kabisa, na mtoto ametembea nyuma yako hatua nyingi, midomo imefungwa. Ukampa maji, akageuza uso. Ndipo ukaona ile kanga.

Nakuelewa kwa nini uliichukua. Imechakaa, ina mafuta, anaiburuta kila mahali, na kesho mnasafiri mbele za watu. Ulitaka afike kwao akiwa nadhifu, wasiseme mke mpya hajali. Lakini Zuhura, ile ni kanga ya mama yake. Haijafuliwa tangu azikwe. Nimelala naye kitanda kimoja tangu mje, naona anavyoitia puani kabla ya kusinzia. Ulipoiweka kwenye beseni ulikuwa mimi, na jivu na makumbi ya nazi mkononi. Ndiyo maana aliuma. Wewe ulinigeuzia mgongo, yeye ana meno. Kila mtu na alichonacho.

Niliitoa kabla sabuni haijafika. Ililowa ncha moja tu, nikaikausha kwa moto wa mbali, nikamrudishia. Usiifue. Watu wa Tabora waseme watakavyosema. Inuke, ichakae, iishe yenyewe, na siku akija nayo mwenyewe kukuomba sabuni, mpe sabuni, wala usiishike wewe.

Na maji, usimpelekee mdomoni. Weka mtungi, weka kata mahali anapofika, uende zako. Utaona uchungu kumwona anakunywa akikupa kisogo. Mimi niliuona. Usimwambie akuite mama. Mimi uliniita "wewe" muda mrefu, na kwa watu uliniita "yule". Halafu siku moja uliingia kutoka bombani ukasema, "Mama, ndoo inavuja." Hukuona ulichosema, au uliona ukajifanya hukuona. Nami niliogopa kukutazama usoni nisikikimbize kile kitu. Niliitazama ndoo. Ilikuwa inavuja kweli. Nikaiziba kwa lami ya baba yako, na hakuna mtu niliyemwambia, hata yeye.

Siwezi kukuahidi kwamba kwa Siwema itakuwa hivyo. Huenda ni jiwe kubwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba wewe si maji matamu ya kumwua wala yeye si adui yako, na kwamba safari ya Tabora ni ndefu, nyumba ile ni ya mama yake mpaka leo, na utaingia humo ukiwa mgeni mbele ya mtoto mwenye nyumba. Ingia hivyo. Mimi niliingia kama mwenye kufagia.

Nilidhani ningemaliza hapo, lakini nimekatizwa, na ni afadhali.

Mlango wa chumba changu umefunguka, Siwema katoka, kanga begani. Nilifikiri anataka kwenda uani. Akaja moja kwa moja kwenye bakuli, akachuchumaa. Nikaendelea kuandika, nikijifanya sina habari.

"Bibi. Limekufa?"

"Halijafa. Likifa linanuka. Nusa."

Akanusa. "Linanuka bahari."

"Basi li hai."

"Mbona limejikunja?"

"Limetolewa kwao leo. Hujikunja hivyo."

Akafikiri. Tone likaanguka, akalifuata kwa macho mpaka chini. "Litafunguka kesho?"

"Labda. Labda keshokutwa."

"Keshokutwa sisi hatupo."

"Nitaandika niwaambie."

Akajifunika miguu kwa kanga. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Yule, kwenye gari la moshi, atakaa na sisi?"

Mkono wangu ulisimama hapa hapa kwenye karatasi, utaliona doa la wino. Nikasema, "Atakaa na nyinyi, ndiyo."

"Dirishani ni mimi."

"Haya."

"Baba anakaa hapa." Akaonyesha sakafu karibu na goti lake. "Mimi dirishani. Yule akae pale mbele yangu. Lakini asiweke kikapu chake miguuni mwangu."

"Nitamwambia."

"Usimwambie nimesema mimi."

Amerudi kulala. Nimekwambia, kwa hiyo nimeshavunja ahadi kabla wino haujakauka, na wewe utanifichia. Barua hii sitaitia tena kwenye kikapu, nitakupa mkononi alfajiri, uisome kabla hamjatoka. Ukipanda, usikimbilie kumpakata wala usimwulize kama amekaa vizuri. Mwache apite kwanza ashike dirisha lake. Kikapu kiweke juu. Halafu kaa pale mbele yake, ni mahali pako, amekuwekea.

Mama yako.